Dozi Inaisha Dar, Madhara Yanakomaa Tanga

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga, waganga wakuu wa jiji na wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, na wote mnaokaa kwenye meza inayopanga bajeti ya dawa.

Waheshimiwa,

Salaam. Jambo letu kubwa katika barua hii ni wiki 2 tu, zile zinazoanza siku mgonjwa wa saratani anaposhuka kwenye basi la kutoka Dar es Salaam akiwa amemaliza tiba mionzi. Nyumbani wanamwambia pole, sasa umepona. Hospitali ya wilaya haina taarifa kwamba amerudi. Yeye mwenyewe anadhani ya nyuma yamepita.

Hayajapita. Mionzi haiui seli palepale. Inavunja vinasaba vilivyo ndani yake, na seli hufa baadaye, pale inapojaribu kugawanyika. Ngozi, utando wa kinywa na utando wa utumbo ni seli zinazogawanyika upesi, kwa hiyo hizo ndizo zinazoumia mapema: za juu zinachakaa na kubanduka, za chini hazijazaa za kuziba nafasi. Ndiyo maana maumivu huanza kuonekana wiki ya pili au ya tatu ya matibabu, na kwa wengi hufika kileleni siku 7 hadi 14 baada ya dozi ya mwisho. Yaani yanafika kileleni mgonjwa akiwa Pongwe, Mlalo au Kilindi, mbali na kila aliyempangia dozi.

Mkoa wetu hauna mashine ya mionzi, na hatuiombi humu. Mashine hiyo inataka chumba chenye kuta nene za zege, umeme usioyumba, fundi wa karibu na wanafizikia wa kupima dozi. Tunachoomba hakihitaji hata tofali moja. Tunaomba karatasi, kabati la dawa lenye vitu vichache, siku moja ya kliniki kwa wiki, na wahudumu waliofundishwa nini wasifanye.

Tuanze na karatasi, maana bila hiyo mengine yote ni kubahatisha. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwa kawaida hupata mionzi ya nje grei 45 hadi 50.4 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), ikigawanywa mara 25 hadi 28, siku 5 kwa wiki. Juu yake huongezwa mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huingizwa ukeni kwa muda na kutolewa, na mara nyingi dawa ya saratani iitwayo sisplatini mara moja kwa wiki. Mwenye saratani ya koo anaweza kufika grei 70 kwa mara 35. Aliyepigwa mionzi ya mfupa kwa ajili ya maumivu tu huenda alipata grei 8 kwa siku moja akarudi. Wote watatu wakifika zahanati wanajieleza kwa neno lilelile: "nimepigwa mionzi." Ni sawa na kusema nimekunywa dawa.

Tunaomba kila mgonjwa anayepewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, au kwingine kokote, aondoke Tanga na fomu ya kurejea, na asipokewe kliniki bila kuulizwa ipo wapi. Fomu ijazwe aina na hatua ya saratani, sehemu ya mwili iliyopigwa, jumla ya dozi na mara ngapi, tarehe ya kuanza na kumaliza, siku zilizorukwa na sababu, mionzi ya ndani kama ilikuwapo, dawa za saratani zilizotolewa, kipimo cha mwisho cha damu, na namba ya simu ya kliniki iliyomtibu. Ukurasa mmoja. Asipokuja nayo, muuguzi apige simu siku hiyohiyo.

Hii si tamaa ya makaratasi. Mwanamke aliyepigwa mionzi ya nyonga miaka miwili iliyopita akija na damu kwenye choo, daktari asiyejua historia atatazama ndani ya njia ya haja kubwa, ataona ukuta wa mbele umevilia damu na una kidonda, na atakata kipande kupeleka maabara. Ukuta huo umepoteza mishipa yake midogo ya damu, hauponi kama ukuta mwingine, na jeraha dogo la kukata kipande linaweza kugeuka tundu kati ya njia ya haja kubwa na uke. Vivyo hivyo jino. Aliyepigwa mionzi ya taya akang'olewa jino bila mpango, mfupa unaweza kuoza na kubaki wazi kwa miezi. Hatari hiyo haiishi mwaka wala miaka kumi. Daktari wa meno wa wilaya akiwa na ile karatasi mkononi atasita, na kusita kwake ndiko kunakomwokoa mgonjwa.

Meno yenyewe yashughulikiwe kabla ya safari: yanayotakiwa kung'olewa yang'olewe angalau siku 14 kabla ya dozi ya kwanza ili fizi zifunge. Kabla ya safari pia vipimwe wingi wa damu na kazi ya figo, na majibu ya kipande cha nyama yawe mkononi. Damu (himoglobini) iliyo chini ya gramu 10 kwa desilita ni tatizo la kweli hapa, maana uvimbe uliokosa oksijeni hausikii mionzi vizuri. Mgonjwa anayefika Dar na damu 6 atakaa akisubiri kuongezewa, akila akiba yake ya nauli na chakula, wakati kazi hiyo ingefanyika hapahapa. Anayetumia dawa za VVU apewe za miezi mitatu, na kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya VVU, aibebe. Dawa zikimwishia wiki ya nne ya mionzi, atapanda basi kurudi kuzifuata na kukosa siku mbili au tatu.

Siku zilizokosekana zina gharama yake. Matibabu yote ya mlango wa kizazi, ya nje na ya ndani, yanatakiwa yaishe ndani ya wiki 8. Zaidi ya hapo, kila siku inayoongezeka hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban nusu hadi asilimia moja. Hivyo zahanati yoyote inayompokea mgonjwa aliyerudi katikati ya tiba kwa sababu ya kuharisha isimwambie apumzike wiki mbili kwanza apate nguvu. Ushauri huo una huruma na unaua. Atibiwe kuharisha, afisa ustawi wa jamii atafutwe kwa barua ya msamaha au nauli ikibidi, na arudi kitandani kwa mashine kesho yake.

Sasa yanayoonekana mwilini. Vitabu vingi vinasema ngozi itakuwa nyekundu. Kwa ngozi yetu wekundu hauonekani hivyo. Inakoza, inakuwa nyeusi ti au ya zambarau, inang'aa, inabana, inawasha, kisha inabanduka kavu kama magamba. Panapokunjana, yaani kinenani, chini ya titi, kwapani na kati ya makalio, hufika hatua ya kuchubuka na kutoa majimaji. Muuguzi anayesubiri wekundu ataiona ngozi hiyo siku ikiwa tayari imefunguka.

Aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ajikaushe kwa kugusisha kitambaa, asisugue. Alama za wino zisifutwe mpaka tiba iishe. Mwenye kutawadha atawadhe, maji hayana neno. Ni kusugua kunakoharibu. Ngozi kavu ipakwe krimu laini isiyo na harufu mara mbili kwa siku. Palipochubuka pasafishwe kwa maji ya chumvi na pafunikwe gozi yenye vaselini isiyonata. Krimu ya silva salfadayazini itumike kwa idhini ya daktari, na siyo wakati dozi zinaendelea bila kuifuta kwanza. Spiriti, dawa ya zambarau, ayodini, podari na plasta vikae mbali. Na kwa sababu tuko Tanga, tuseme wazi yale ambayo vipeperushi vilivyoandikwa kwingine havisemi: singo, liwa yenye manukato, na mafuta yaliyotiwa viungo visipite mahali palipopigwa mionzi. Kanga laini ya pamba ndiyo nguo bora kwa mgonjwa huyu, kuliko chochote kinachouzwa kwa jina la dawa.

Tumboni, mambo ni rahisi kuyatibu na rahisi zaidi kuyapuuza. Aliyepigwa nyonga huharisha kuanzia wiki ya pili au ya tatu na anaweza kuendelea wiki 2 hadi 6 baada ya kumaliza. Loperamaidi miligramu 4 kwanza, kisha 2 kila baada ya choo cha maji, isizidi 16 kwa siku. Kama kuna homa au damu, asipewe kabla ya kuchunguzwa. Chumvi ya kunywea pakiti moja kwa lita moja. Apunguze maharage, mboga mbichi, maziwa mabichi na vya kukaangwa. Wali, ndizi, uji mwepesi na samaki wa kuchemsha hukaa. Mkojo ukiuma, upimwe kwanza, maana siyo kila mkojo unaouma ni maambukizi. Kibofu chenyewe kimeungua, na antibayotiki tatu mfululizo hazitakituliza.

Kinywani, kwa waliopigwa kichwa na shingo, ndipo watu hufa njaa kimyakimya. Vidonda huanza wiki ya pili au ya tatu, mate yanakauka, ladha inapotea, kila kitu kina ladha ya chuma. Dawa ya kusukutua inatengenezwa nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea, kila baada ya saa 2 hadi 4 na baada ya kila mlo, itengenezwe upya kila siku. Machungwa ya Muheza, ukwaju, achari na pilipili ya bajia vingoje. Uji uongezwe karanga zilizosagwa au tui. Mtori, parachichi, mayai laini. Apimwe uzito kila wiki. Anayepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake anahitaji mrija wa kulishia, na maneno ya kumtia moyo hayatoshi. Utando mweupe unaobanduka ukiacha wekundu ni fangasi, upewe nistatini au flukonazoli. Maumivu yakimzuia kumeza, apewe mofini ya maji, miligramu 5 kila saa 4 kwa kuanzia, sambamba na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Ule woga kwamba mofini ni ya kufia umewatesa watu vya kutosha katika mkoa ambao Muheza yake imezoea huduma shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa, kwa miaka mingi.

Kifuani kuna mtego mmoja ambao tungependa kila mratibu wa kifua kikuu aujue. Aliyepigwa mionzi ya titi au pafu anaweza, mwezi 1 hadi 6 baadaye, kuanza kukohoa kikohozi kikavu, kuhema na kupata homa ndogo. Picha inaonyesha kivuli. Hapa kwetu kivuli na kikohozi jina lake ni moja. Lakini kivuli cha mionzi mara nyingi kina ukingo ulionyooka unaofuata eneo lililopigwa, na makohozi hayana vimelea. Tiba yake ni prednisoloni inayopunguzwa polepole kwa wiki kadhaa chini ya daktari. Miezi sita ya dawa za TB haitamsaidia. TB ipimwe, naam. Ila isidhaniwe tu.

Uchovu tutausema kwa kifupi: upo kwa karibu kila mtu, haufanani na uchovu wa shamba kwa sababu usingizi hauuondoi, na unaweza kudumu miezi. Damu ipimwe. Akitembea dakika 20 hadi 30 jioni inasaidia kuliko kulala mchana kutwa. Familia iambiwe si uvivu.

Kisha kuna lile ambalo wahudumu huliruka kwa haya. Mionzi ya nyonga hukausha uke, hufanya kuta zake zishikane na kufupika, na huzima mayai ya mwanamke ambaye bado yuko kwenye umri wa kuzaa. Hedhi inakatika, joto linampanda usiku, hazai tena. Kuta zikishikana, maumivu ya tendo la ndoa ni sehemu tu ya tatizo. Daktari hawezi tena kuona mlango wa kizazi kuchunguza kama saratani imerudi, kwa hiyo mjane na asiye na mume nao wanahusika. Wiki 2 hadi 4 baada ya kumaliza, vidonda vikishatulia, uke uanze kupanuliwa taratibu kwa kipanuzi cha plastiki kilichopakwa jeli ya maji, dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa wiki, na kuendelea hata miaka. Vipanuzi vikikosekana, kidole kisafi chenye jeli au tendo la ndoa lenyewe hufanya kazi hiyo. Damu kidogo ya kugusa si ajabu. Damu nyingi au harufu mbaya arudi hospitali. Shabu, kujifukiza na dawa za kubana, ambazo baadhi ya wanawake hukimbilia wakidhani wanajirudisha walivyokuwa, zinachoma utando ambao tayari ni mwembamba kama karatasi.

Nani atayasema haya? Kijana wa zamu mwenye foleni ya watu 60 hatayasema, na akiyasema hatasikilizwa. Mkoa huu una masomo na makungwi, yaani wanawake wanaowafunda wenzao, ambao wanawake huwasikiliza kwa mambo ya chumbani kuliko wanavyomsikiliza daktari yeyote. Wachache wao katika kila wilaya wafundishwe kwa siku mbili, wakutane na muuguzi wa kliniki, wapewe jeli na vipanuzi. Tunajua pendekezo hili litachekesha kikaoni. Likishachekwa, lijadiliwe. Wanaume nao wana lao, maana mionzi ya tezi dume huweza kudhoofisha nguvu za kiume polepole kwa mwaka mmoja au miwili, na wengi huenda kwa waganga wa mitaani kabla ya kumwambia mtu.

Kuhusu moyo na akili, sehemu ya tatizo imo kwenye lugha yetu. Tunasema "amechomwa mionzi," na nyumbani wanaelewa moto. Kikombe chake kinatengwa, watoto wanakatazwa kulala naye, kitanda kinahamishiwa ukumbini. Wahudumu waseme wazi: mionzi ya mashine haibaki mwilini. Nguo iliyoanikwa juani ukiiingiza ndani haiwaki usiku. Hata mionzi ya ndani, chanzo kikishatolewa, mgonjwa hana cha kumwambukiza mtu. Saratani yenyewe haiambukizwi kwa sahani wala kwa mto. Haya yasemwe mbele ya mume, mama mkwe na dada, siku ya kwanza ya kliniki. Mgonjwa akiyasema peke yake huonekana anajitetea.

Harufu huvunja utu kuliko maumivu. Kidonda kinachonuka humfanya mtu akatae wageni, aache msikiti au kanisa, aache kula na wenzake. Vidonge vya metronidazoli vikisagwa na kunyunyiziwa kwenye kidonda au pedi hupunguza harufu hiyo ndani ya siku chache. Ni dawa ya bei ndogo iliyomo karibu kila zahanati, na watu wanajifungia ndani kwa kukosa mtu wa kuwaambia.

Halafu kuna ukimya wa baada. Kwa wiki 5 au 7 mgonjwa alionwa kila siku, akapata marafiki wa benchi, akajua jina la mtaalamu wa mashine. Ghafla anaambiwa arudi baada ya wiki 6 au miezi 3. Wengi huporomoka hapo, wakati ndugu wanashangilia. Muuguzi aulize maswali mawili kila hudhurio: katika wiki mbili zilizopita, mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo, na mara ngapi umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Kila swali lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 3, aulizwe maswali yote 9 ya dodoso la sonona, likiwemo lile la kutaka kujidhuru. Uchovu na kukosa hamu ya kula vinaweza kuwa vya mionzi, kwa hiyo alama zisisomwe kama hesabu tupu. Anayekosa usingizi na kujilaumu, anayesema yeye ni mzigo, ndiye wa kupelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili wiki hiyohiyo.

Na Ramadhani: mgonjwa aliye kwenye mionzi, mwenye kuharisha au vidonda vya kinywa, akifunga hukosa maji siku nzima, na figo zilizopata sisplatini hazivumilii. Ruhusa ya kutofunga kwa mgonjwa ipo. Ni vizuri aisikie kutoka kwa imamu wake kabla mwezi haujaandama, si kutoka kwa muuguzi siku ameanguka.

Kliniki tunayoiomba iwe siku moja kwa wiki Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na siku moja kwa wiki mbili katika kila hospitali ya wilaya. Kila aliyemaliza mionzi aonwe ndani ya siku 7 za kurudi, tena siku ya 14, tena wiki ya 6. Kabati liwe na tulizozitaja pamoja na dawa ya kichefuchefu, ya msokoto wa tumbo na parasetamoli. Ukutani pabandikwe yale yasiyongoja zamu ya kliniki: homa ya 38 kwa aliyepata pia dawa za saratani, damu isiyokoma, kushindwa kumeza hata maji, mkojo au choo kupitia ukeni, na miguu kuishiwa nguvu ghafla kwa mwenye saratani ya mifupa ya mgongo. Huyo wa mwisho ana saa, si siku.

Daftari la kliniki liwe na safu moja zaidi ya zile za kawaida: tarehe mgonjwa aliyotarajiwa kurudi Tanga. Jina likikaa siku 7 bila tiki, mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wake atumwe kubisha hodi.

Wenu katika kazi,

Wauguzi, matabibu na wahudumu wa huduma shufaa
Tanga